Kabla ya Upepo, Uliza Maji

Ukitaka kumjua mgeni wa kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, pale Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, mtazame asubuhi. Kashika simu, anasoma namba za upepo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa: noti 14 saa tano, noti 18 saa nane. Anaridhika, anaagiza kahawa. Maji hajauliza. Saa nne anateremka pwani na begi lake refu, anakuta bahari imekwenda zake. Umebaki mchanga, vidimbwi vya kufika kifundo cha mguu, na akina mama waliojiinamia kwenye kamba zao za mwani. Upepo upo, tena mzuri. Pa kuuchezea ndipo hapana.

Mimi kwetu Jambiani, kijiji kinachofuata baada ya Paje ukishuka kusini, ila riziki yangu iko Dar es Salaam, katika ofisi ambayo ukisimama dirishani unaiona mivinje ya Ocean Road. Kaiti nilifunzwa na vijana wa Paje niliosoma nao, waliopata kazi ya ualimu wa mchezo huo wageni walipoanza kuwa wengi. Tangu hapo wikiendi zangu zinaamuliwa na mambo matatu: mwezi, upepo na nauli ya boti. Nimeyataja kwa mpangilio wake. Wenzangu wengi wanaanza na upepo, na ndiyo maana wengi wao hutumia Jumamosi nzima wamekaa kwenye viti vya kamba wakiitazama bahari iliyokauka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Zidisha kwa siku saba, unapata karibu saa sita. Kwa hiyo Jumamosi hii na Jumamosi ijayo ni kinyume kabisa: palipokuwa na maji saa nne asubuhi patakuwa pakavu, na palipokuwa pakavu patakuwa na maji. Mfanyakazi wa ofisi kama mimi, ambaye hana ruhusa ya kuchagua siku, asipoijua hesabu hii atakuwa anacheza bahati nasibu na mshahara wake.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, tunapata bamvua. Upande wetu wa Unguja maji ya bamvua hujaa kama saa kumi, alfajiri na tena alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na pale ambapo bahari ni ya kina kifupi tangu ufukweni mpaka mwambani, mita hizo ni kila kitu. Mwamba wenyewe uko mbali, unaweza kutembea zaidi ya kilomita moja kabla ya kuufikia. Mwezi ukiwa nusu ndipo yanapokuja maji mafu: hujaa asubuhi kama saa nne, hupwa alasiri, lakini kupwa kwake ni kwa jina tu. Mchana kutwa maji yako kiunoni, mapajani, yametulia.

Sasa angalia watu wanavyojipangia. Mtu anayeanza kujifunza, ambaye kazi yake ya siku ni kuanguka, kusimama na kuanguka tena, anahitaji maji ya kiunoni kwa saa nyingi mfululizo. Huyo aje wakati wa maji mafu. Anayetaka maji yaliyolala ili aruke na kuzunguka hewani aje bamvua, lakini asubiri maji yanapoanza kurudi, au yanapotoka na bado hayajaisha. Zile saa za katikati, karibu na mwamba, maji ni laini mno kwa sababu mwamba umeyakata mawimbi yote ya nje. Bamvua ikijaa kabisa alasiri, bahari inachafuka, mawimbi mafupi mafupi yanakuja mpaka ufukweni, na ufuo wenyewe unabaki mwembamba kiasi kwamba kutandaza kamba za kaiti ni shughuli. Nami nimezipenda hizo saa za fujo, lakini simshauri mtu aliyeanza juzi.

Ninaposema akina mama wa mwani sizungumzii pambo la pwani. Mama yangu ni mmoja wao. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande huu wa mashariki mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo, na karibu kazi yote ilishikwa na wanawake. Ada za skuli zetu zilitoka humo. Wanapigilia vijiti mchangani, wanatandika kamba kati ya kijiti na kijiti, wanafunga vichane vya mwani kimoja kimoja kwa vikamba vya tai-tai, kisha wanangoja wiki kadhaa kabla ya kuvuna. Kazi yote hiyo hufanyika maji yakiwa yamepwa sana, yaani bamvua, asubuhi. Kwa hiyo kalenda ya mama yangu na kalenda yangu ni moja, isipokuwa yeye anaisoma upande wa kupwa nami naisoma upande wa kujaa.

Mgogoro unatokea pale zinapogusana. Kamba za kaiti zina urefu wa mita 20 na zaidi. Zikikazwa na upepo huwa nyembamba na kali, na kaiti ikianguka huzifagia zile mita zote juu ya vichwa vya watu. Mwanzoni, nilipoleta habari za mchezo huu nyumbani, nilidhani mama atalalamikia kaiti zenyewe, makelele, au wageni wenye nguo chache. Hakulalamikia hata kimoja.

“Kaiti naiona inakuja, nainama,” aliniambia. “Tatizo ni yale mapezi chini ya ubao wenu. Maji yakishajaa kamba zangu hamzioni, mnapita juu, mnakata. Nikirudi kesho nakuta mwani umekwenda na maji na kamba nayo imekwenda.”

Hilo hakuna mwalimu wa kaiti aliyenifunza. Tangu siku hiyo nikifika mahali nisipopazoea, jambo la kwanza ni kwenda pwani wakati wa kupwa, bila ubao, kuangalia vijiti viko wapi. Nachukua alama mbili nchi kavu, mnazi fulani na paa fulani, najua kwamba kati ya alama hizi sipiti mpaka maji yafike kifuani. Wageni niliowaonyesha njia hii wameipenda kuliko walivyopenda ushauri wangu mwingine wote, pengine kwa sababu ukitembea huko maji yakiwa hayapo unaona pia mawe, mashimo, na yale makundi ya wadudu wa miiba mieusi. Miiba hiyo ikikuingia mguuni, watu wa kwetu hupaka utomvu wa papai bichi. Viatu vya mpira ni bora zaidi.

Haya, upepo. Nao una sehemu yake, nisije nikaonekana naudharau.

Tuna misimu miwili mikuu na kila mtoto wa pwani anaijua. Kaskazi huingia kama Desemba na kukaa mpaka Februari, mara nyingine Machi. Ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huanza na masika, huku ukiwa umechanganyika na mvua, kisha kuanzia Juni mpaka Septemba unakuwa upepo wa kuaminika. Kati ya misimu hiyo kuna maleleji, upepo usio na msimamo, na mwezi wa Oktoba na Novemba matlai ambayo leo ipo kesho haipo. Paje na Jambiani zinatazama mashariki. Ukisimama unaitazama bahari, kaskazi inakujia kwa kushoto na kusi kwa kulia, na zote mbili zinaegemea kidogo kuelekea pwani. Hii ndiyo neema kubwa ya ufuo wetu, kubwa kuliko rangi ya maji inayopigwa picha kila siku. Kamba ikikukatikia, kaiti ikikupasukia, upepo haukupeleki Hindi. Unakurudisha taratibu ufukweni, kijiji cha pili.

Ndivyo ninavyosafiri pia. Wakati wa kusi naanzia nyumbani Jambiani, naachia upepo unipeleke mpaka Paje, siku nyingine Bwejuu, halafu narudi kwa bodaboda nimekumbatia begi lililoloa. Wakati wa kaskazi nafanya kinyume: nashuka na daladala kutoka mjini, natelemkia Paje, naijaza kaiti upepo na kuingia nyumbani kwa baharini. Mama hulalamika kwamba mimi ndiye mgeni pekee anayebisha hodi kwa mlango wa nyuma.

Upepo wa kuuogopa kwetu ni ule mdogo. Umande, upepo mwembamba wa alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda baharini, ndio unaowatoa wavuvi asubuhi, na kwa ngalawa ni msaada. Kwa kaiti ni mtego. Unaonekana mpole, bahari imelala, na mtu ambaye ndiyo kwanza amewasili jana usiku anajiambia kwamba hapa ndipo pa kujaribu vifaa vyake vipya. Kumbe kila akianguka anasukumwa kuelekea mwambani, na kama maji nayo yanatoka, hali inakuwa mbili kwa moja. Maji ya bamvua yanapotoka hayapiti juu ya mwamba wote sawasawa, yanatafuta milango, zile nafasi ambazo ngalawa hupitia. Karibu na mlango mkondo unavuta hata kama upepo unasukuma upande mwingine. Nimeona mtu hodari kabisa, mwenye mikono ya mpanda miamba, ameushikilia ubao wake majini upepo ukiwa umemfia, akisogea polepole kuelekea kwenye povu la nje huku akipunga mkono kana kwamba anatusalimia.

Jambo jingine ambalo programu za simu hazimwelezi mtu ni namna nguvu inavyoongezeka. Nguvu ya upepo kwenye tanga au kaiti hukua kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukipanda kutoka noti 15 hadi noti 20, yaani kutoka kama kilomita 28 kwa saa hadi 37, kasi imeongezeka kwa theluthi, lakini mvuto umekaribia kuwa mara mbili. Ndiyo sababu mtu wa uzito wangu mwenye kaiti ya mita 12 za mraba anayefurahia saa sita mchana anaweza kujikuta saa tisa anaburutwa kwa kaiti ileile. Ukiona watu wawili watatu wanaoujua ufuo wameteremsha kaiti kubwa na wanajaza ya mita 9, usiulize sababu, teremsha yako kwanza.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa tahadhari ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, ofisini kwetu watu husema “poleni wavuvi”, nami nasema hivyohivyo huku moyoni nimeshaanza kufunga begi. Kuna dhambi kidogo katika kuufurahia upepo ambao unamzuia mtu mwingine kwenda kutafuta kitoweo, na sijapata namna ya kuimaliza. Bahati mbaya, au haki, ni kwamba upepo huohuo lazima kwanza niuvuke. Boti ya kasi kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili, na wakati wa kusi lile eneo la katikati ya mkondo linaweza kumnyamazisha hata mtu mwenye mdomo mrefu. Watu wanatapika, watoto wanalia, mabaharia wanapita wakigawa mifuko. Kisha kuna mapatano ya begi. Mchukuzi ananiuliza ndani kuna nini, namwambia kaiti, ananiuliza ni biashara gani, namwambia ni mchezo, ananitazama nguo zangu za ofisi na kupandisha bei.

Kutoka mjini mpaka Paje ni kilomita zipatazo 50, unapita katikati ya msitu wa Jozani, wenye kima punju. Pale barabarani ndipo ninapoanza kuusoma upepo, kwenye minazi ya upande wa pili wa msitu. Makuti yakiwa yamelala upande mmoja na hayarudi, upepo umesimama sawa. Yakipiga na kuacha, piga na kuacha, kuna mawingu mahali fulani yanauvurugavuruga, na nitakuwa na siku ya kubadilisha kaiti.

Mwalimu wangu wa mambo haya, baada ya vijana wa Paje, ni mjomba wangu mwenye ngalawa. Tunaitana mjomba wote wawili, kama ilivyo kwetu. Siku ya kwanza nilipomwekea kaiti mbele yake hakuitazama kitambaa. Aliushika ule mrija wa mbele unaojazwa upepo kwa pampu, akaubinya, akaufuata kwa kiganja kutoka ncha mpaka ncha.

“Mjomba, hii ndiyo foromali yenu.”

Foromali ni ule mti unaofungiwa tanga. Sikuwa nimewahi kuufikiria mrija hivyo, lakini ndiyo kazi yake hasa: kulishika tanga umbo lake upande unaoukabili upepo. Akaendelea. Kamba za nyuma zilikuwa demani, kamba ya kuongozea tanga, unakaza au unalegeza. Mlingoti ndio uliomshangaza, kwa sababu aliutafuta akakuta ni mimi. Na kweli, aliyewahi kukaa kwenye ngalawa inayobisha, akajua kwamba chombo hakiwezi kuelekezwa moja kwa moja upepo unakotoka bali hukata upande huu na upande ule, ana nusu ya somo tayari. Wanafunzi kutoka miji isiyo na bahari hutumia siku kadhaa kulikubali jambo hilo. Vijana wa Jambiani hawaambiwi.

Kaiti hizi za mrija zina asili yake Ufaransa. Ndugu wawili wa Brittany, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha ubunifu wao mwaka 1984, na shida waliyokuwa wakiitatua ni ileile inayomkuta kila mtu hapa: kaiti iliyoanguka majini hunyanyuka tena vipi bila mtu kuishika? Mrija uliojaa hewa huelea, na kwa umbo lake kaiti hushika upepo na kunyanyuka yenyewe ukiivuta kamba moja. Mjomba alipoelezwa hivyo alisema tanga lake pia likiangukia majini hunyanyuka, ila kwa matusi.

Wazee wa bahari walikuwa na kalenda yao ya pepo. Mwaka ulihesabiwa kuanzia siku ya Nairuzi, siku kumi kumi, kila kumi ikiwa mwongo mmoja, na baharia alijua mwongo gani wa kusafiri na mwongo gani wa kupandisha chombo pwani. Nairuzi yenyewe bado husherehekewa kila Julai jirani yetu Makunduchi, Mwaka Kogwa, katikati ya kusi. Mjomba hahesabu tena miongo kwa ukamilifu, lakini ana masalia yake kichwani, na anayachanganya na anachokiona: rangi ya upeo alfajiri, mstari mweupe wa mwambani umenenepa au umekonda, mvua iko upande gani. Wingu jeusi linalotoka upande wa upepo ndilo analoliheshimu kuliko yote. Upepo kwanza unaweza kukatika ghafla, wanaocheza wanashangaa, wanangoja urudi. Unarudi, kwa nguvu nyingine kabisa, na mvua nyuma yake. Utaratibu wetu sasa ni kwamba upepo ukikatika na wingu liko upande upepo unakotoka, kaiti zote chini, tunakaa juu yake mpaka lipite.

Na hukosea pia, nisimfanye walii. Kuna Julai aliyoniahidi upepo wa siku tatu, nikaomba ruhusa kazini, nikakaa siku zote hizo nikicheza bao chini ya mkungu wakati programu ya simu, ambayo tulikuwa tumeicheka pamoja, ilikuwa imesema wazi kwamba kutatulia. Ninazisikiliza zote mbili. Simu inajua kilichoko mbali na kinachokuja kesho kutwa. Yeye anajua kitakachotokea kati ya Jambiani na Paje kati ya adhuhuri na alasiri.

Kungoja ni sehemu kubwa ya mchezo huu na hakuna anayeipiga picha. Mwaka 2024 kaiti iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mashindano yalifanyika Marseille, na hata huko wanamashua na wana kaiti walishinda ufukweni wakingoja upepo uamke. Ellie Aldridge wa Uingereza na Valentin Bontus wa Austria ndio waliochukua dhahabu. Nilitazama kwenye simu ofisini, nikajisikia ndugu wa wale waliokuwa wamekaa tu. Ramadhani ndiyo ngumu zaidi. Miaka ya karibuni imeangukia mwishoni mwa kaskazi. Upepo unazidi mchana, ndipo koo limekauka, na ukianguka mdomo wazi unapata maji ya chumvi ambayo si ya kumeza wala si ya kufaa. Wengi wetu hutoka ile saa moja kabla ya kufuturu, bamvua ikiruhusu. Zile wiki ambazo maji mafu yamefika na upepo upo mchana tu, tunawaachia wageni.

Niliwahi kuufuata upepo mpaka Diani, Kenya, kwa basi kutoka Dar kupitia Tanga na mpaka wa Horohoro, wakati wa kusi. Upepo ni huohuo mmoja, na mwezi ni huohuo, saa za kujaa na kupwa hazipishani sana na zetu. Nikajiona mwenyeji. Lakini kule mwamba uko karibu zaidi, na bamvua ikijaa alasiri maji yanapanda mpaka kwenye kuta za hoteli, ufuo unatoweka, huna pa kutandaza kamba. Yaani kupwa kunakotufukuza sisi ndiko kunakowapa wao nafasi. Vijana wa pale walikuwa wanatoka asubuhi, wanarudi mapema, na saa tisa, wakati mimi ndiyo kwanza nafungua begi, wao walikuwa wanasuuza vifaa kwa maji baridi. Nilikaa nao siku ya kwanza nzima bila kuingia majini, nikiuliza. Waliniuliza nami habari za Paje, na swali lao la kwanza lilikuwa la mwani: wanawake wanawachukuliaje?

Niliwajibu kwamba inategemea. Kuna mwaka watu walielewana, waalimu wakapeleka wanafunzi upande mmoja na vijiti vikabaki upande mwingine. Kisha huja msimu wa wageni wengi, kila mmoja na ubao wake, na makubaliano yanapwaya. Maji nayo yamekuwa ya moto kuliko zamani; ule mwani mnene wenye bei nzuri unakufa kwenye maji mafupi, na baadhi ya akina mama wameanza kusogeza mashamba kwenye kina, yaani kulekule tunakopita sisi. Sina jawabu la hilo. Mama ana lake: tufunge chupa za plastiki kwenye kona za kila shamba, zielee, zionekane, na anayekata kamba alipe kamba. Mwaka huu tumezifunga zake. Majirani wanangoja waone.

Huyo mtu wa mikono ya mpanda miamba aliokolewa na mjomba. Ngalawa ilikuwa inarudi, ikapita mlangoni, mjomba akalegeza demani, wakamvuta ndani yeye, ubao na kaiti iliyoloa ambayo ilikaribia kuwaziba macho wote. Hakudai kitu. Mgeni akaona aibu, akatoa noti, mjomba akaikataa, mabaharia wake wawili wakaipokea kwa niaba yake. Asubuhi ya pili mgeni alikuwa amekaa mchangani kando ya ngalawa, simu mfukoni, anamuuliza kwa ishara za mikono maji yatarudi saa ngapi. Wa siku ya tatu walikuwa wanne. Sasa nikienda wikiendi nawakuta, kikundi kizima, na mjomba katikati yao akionyesha kidole jua litakapofika ndipo maji yatakapofika. Wiki iliyopita alinipigia simu Dar kuniuliza mwalimu wa kaiti hutoza kiasi gani kwa saa.